Mlango wa Jikoni

Novemba, saa tisa alasiri, jua la Tartu
hufunga duka likaenda zake,
nasi tunateremka ngazi kumi na nane
hadi chumba kisicho na dirisha,
kuta zimepakwa rangi ya masizi.
Humo napima macho ya watu.

Kazi yangu ni ndogo. Nasema, "Weka kidevu hapa.
Zungusha kirungu hiki
hadi uone kijani tupu,
kisicho na chembe ya buluu wala tone la manjano."
Kisha nanyamaza. Msaidizi haruhusiwi hata kukohoa.

Heljo, mfumaji wa glavu,
mistari miwili iliyo sawa ilimdanganya vibaya,
aliapa mmoja umemzidi mwenzake kwa kidole.
Aare, dereva wa basi, aliicheka mistari ile ile,
lakini duara mbili zikamtia mfukoni.
Mihkel, mchemraba uliochorwa humgeukia kila sekunde mbili,
ndani nje, ndani nje, hadi anaomba maji;
aliyemfuata alingoja dakika nzima
akaniuliza kama mashine imekufa.
Na Bi Salme, mkutubi mstaafu,
hunitambua kwa mlio wa viatu vyangu.
Siku nilipovaa raba
alinisalimu kama mgeni.

Miaka ishirini haya yote tuliyaita kelele.
Tulijumlisha, tukagawanya,
tukampata mtu wa wastani,
ambaye hajawahi kuteremka ngazi zile.
Kisha akaja Daktari Ingrit Vaher, kijana, mkavu wa maneno,
akafungua makabati, akakohoa vumbi,
akasema: "Mmekuwa mkitupa mchele na kuhifadhi pumba."
Alitaka kujua kwa nini anayenaswa na mtego huu
anauruka ule.
Labda, alisema, kuona si fundi mmoja.
Ni karakana nzima ya mafundi wadogo,
kila mmoja na bisibisi yake, hawasemezani,
na tofauti zenu ndizo mwanya wa kuwachungulia.

Husemwa akili ni nywele, kila mtu ana zake.
Husemwa pia macho hayana pazia.
La kwanza nalikubali.

Mshiriki wa arobaini na moja alikuwa Jaak, mume wangu.
Alikuja kwa ajili ya kuponi ya kahawa.
Yeye ndiye aliyepaka mlango wa jikoni wetu
wiki ile tulipooana, akaita kijani.
Mimi nikaita buluu.
Miaka thelathini na mmoja!
Tumeugombania mlango huo kuliko fedha,
kuliko mama yake.
Dada yangu yuko upande wangu,
msafisha dohani yuko upande wake,
na kopo la rangi lilikwisha kutupwa.
Nilidhani ananichokoza.
Yapo majira ya baridi nilidhani hanipendi.

Alizunguka, akasimama: mia nne tisini na sita.
Mimi kijani changu kiko mia tano ishirini na tano.
Nikarudisha mashine mwanzo, nikamwambia tena.
Tisini na saba. Tisini na sita. Tisini na tano.
Mara kumi, gizani, bila kuona namba.
Kelele hairudi nyumbani kwa mlango ule ule mara kumi.

Alipokwenda kunywa kahawa yake
nilijifungia humo ndani.
Niliweka kidevu pale alipoweka chake,
chuma bado kina joto,
nikaitegesha mashine kwenye namba yake
nikangoja kijani kije.

Ikaja buluu.
Nilikaza macho, nikafumba moja, nikafumbua.
Buluu, yenye ujani kidogo pembeni,
kama mtu anayechungulia na kujificha.
Mashine ilinipa namba yake, macho hapana.

Jioni theluji ilianza.
Jaak alikuwa anamenya viazi, mgongo kwangu.
"Funga huo mlango wa kijani," akasema, "baridi inaingia."

Nikaufunga,
wa buluu.